Mwaka Kamioneti Ilipokuwa Inagonga

Tulipomzika Damasi, mume wangu, watu wa avenyu yetu walishangaa kumwona mzee mmoja anashuka kutoka bandarini na koti zito la baridi ya milima ya Kirungu katika joto letu la Kalemie. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye mikeka ya wanawake, mahali ambapo wanaume hawakai wakati wa kilio, akachuchumaa mbele yangu. Mama mmoja wa kanisa alitaka kumwondoa. Nikamwambia amwache, huyo ni Papa Kabwe, fundi. "Fundi wa nini?" akauliza, na swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu watu wa sasa walimjua Damasi kama mzee wa redio, aliyekaa barazani na koleo na nyaya zake, akiwafokea watoto waliomziba mwanga. Hawajui kwamba alikuwa dereva. Hata wanangu wanalijua hilo kama wanavyojua habari za wafalme, bila kuliamini sana. Nilimpakulia Papa Kabwe chakula kwa mkono wangu, na alipoanza kula niligundua kwamba hasira niliyomwekea tangu ujana wangu bado ipo, nzima, haijapungua hata chembe, na kwamba sasa hakuna tena mtu wa kuizuia. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule. Nikinyamaza, itanila.

Mwaka huo nilikuwa bado naitwa bibi harusi. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya depo ya Mama Yuliana, mfanyabiashara wa samaki, na Damasi alimwendeshea kamioneti yake, gari dogo la mizigo. Kitanda chetu kilikuwa chini ya dirisha dogo, na kamioneti ililala nje ya dirisha hilo hilo, kwa hiyo Damasi alilala katikati ya wake wawili, nami sikuwa na hakika ni yupi anayempenda zaidi. Nguo zetu, blanketi letu, hata Biblia yetu, vyote vilinuka ndakala, wale dagaa wa ziwa letu. Boti za Zongwe ziliposhusha samaki wakavu na wa chumvi, Damasi alipakia, akawapeleka Bendera, kule milimani, kwa wafanyakazi wa mitambo ya umeme, kisha akarudi na unga wa muhogo. Sasa, unga ukilala juu ya mbao zilizolowa maji ya samaki, hakuna mama wa Kalemie atakayeununua. Atanusa kiganja chake na kwenda zake. Kwa hiyo kamioneti ilioshwa kabla ya kupakia unga, na tena baada ya kila safari. Kule Bendera ilikuwa mtoni, huku kwetu ilikuwa ziwani: Damasi aliirudisha kinyumenyume majini mpaka ziwa likafika kwenye sakafu, akavua shati, akasugua mbao kwa mchanga na sabuni, nami nikisimama pembeni na ndoo, nikimwagia mbao na kummwagia yeye. Madereva wote walifanya hivyo, na aliyerudi na gari linalonuka alichekwa. Tulikuwa na furaha sana pale majini.

Kelele ilianza mvua za kwanza zilipokaribia. Ilikuwa *ko* moja, nzito, kila alipong'oa gari, na nyingine alipoachia mafuta, na kubwa zaidi alipobadili kutoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma. Mwanzoni niliisikia nikiwa nasonga bukari, yaani ugali, na nikadhani kuna mtu anapiga mlango wa depo. Baadaye nikawa naijua kutoka mbali, kabla kamioneti haijakata kona. Papa Kabwe aliitwa. Wakati huo alikuwa kijana, amemzidi Damasi kidogo tu, na tayari watu walimwita Papa kwa sababu ya ufundi wake. Aliketi kwenye kabini, Damasi pembeni yake, akaipeleka mbele na nyuma katika kiwanja, mbele na nyuma, huku kiganja chake kikiwa juu ya mkono wa gia. Mimi nilikuwa dirishani nachambua mboga ya lengalenga.

"Unasikia? Inanigonga mu mukono kabisa," Papa Kabwe alisema. "Hii njo buwati, Damasi. Meno ya ndani imekwisha."

"Kama iko buwati tumekufa. Tutapata ingine wapi?"

"Kigoma, ao Lubumbashi na treni. Kama treni inakuja."

Buwati, kwetu, ni sanduku la gia, na mtu akiambiwa imekufa hubadilika uso kama aliyeambiwa habari ya ini au moyo. Walimwaga mafuta ya zamani, wakatia mazito zaidi. Dereva mmoja, rafiki yao, akapendekeza watie maganda ya ndizi humo ndani, kama wafanyavyo wajanja wanaotaka kumuuzia mtu gari bovu, na Damasi, ambaye sikuwahi kumwona akikasirika, alimtukana mpaka yule mtu akaondoka bila kuaga. Kwa siku chache kelele ikaonekana imepungua. Leo nadhani haikupungua. Tulikuwa tunaitaka ipungue, na masikio yakatutii.

Akaenda Bendera na samaki. Alisimulia baadaye kwamba kwenye milima kamioneti iligonga mpaka akahisi inataka kukatika, na alipofika kwenye kambi ya wafanyakazi hakushusha hata gunia moja. Alichukua kriki, yaani jeki, akaiinua kamioneti kando ya barabara, akaingia chini ili aweke sikio kwenye buwati. Mvua ilikuwa imenyesha. Udongo ule mwekundu ulikuwa laini kuliko alivyodhani, kriki ikazama, na kamioneti ikamkalia mguu, chini ya goti. Wanaume waliokuwa wakitoka kazini waliinyanyua kwa mikono. Habari niliipata kwa muuza mahindi wa baiskeli, aliyenikuta natwanga sombe, majani ya muhogo. Alishuka, akavua kofia, na kwa ile kofia tu nikajua. "Mama, bwana yako iko muzima," akasema. "Lakini motoka imemuvunja muguu." Nilimtafuta Papa Kabwe. Alitia vyuma vyake vya kazi ndani ya gunia, hakuuliza nani atamlipa, tukapanda lori lililokuwa likienda upande ule, tukiwa juu ya mizigo.

Damasi alikuwa amelazwa kwa Mama Kaite, mke wa mfanyakazi mmoja wa mitambo. Chumba kile nakiona hata sasa. Kilikuwa cha matofali, na kalenda ya zamani ya misheni ukutani, na balbu iliyowaka mchana kutwa kwa sababu swichi yake ilikuwa imeharibika na katika kambi ile umeme haukuwa kitu cha kubania. Sisi wa Kalemie tulizoea umeme unaokuja na kuondoka upendavyo; pale mwanga haukumwacha Damasi hata kidogo, aliulalia na kuuamkia. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Munganga wa zahanati, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa ameunyoosha na kuufunga kwa vipande vya mbao, na kila asubuhi alikuja kusafisha. Siku tulipofika alizungumza mbele ya mgonjwa, jambo ambalo sikulipenda, lakini sasa naona alifanya vizuri. "Huu muguu unaomba opitali ya Kalemie," akasema. "Kule kuko munganga wa kupasua. Miye hapa niko na dawa ya kusafisha tu. Musikawie, kwa sababu ukioza, utakatwa." Gari la mitambo lilikuwa halipo, limepelekwa mbali kutengenezwa. Damasi akajiinua kwa viwiko. "Motoka yetu iko hapa," akasema. "Kabwe amekuja. Aitengeneze, tuende."

Papa Kabwe aliizungusha kamioneti kambini, akarudi ametoa jasho. Alisema haendi nayo popote ikiwa hivyo. Buwati itashikana kwenye miteremko na tutabaki porini na mgonjwa, mahali ambapo hata maji ya kunawa kidonda hakuna. Ilionekana ni maneno ya mtu mwenye akili. Basi akaifungua. Wanaume wa kambi walimsaidia kuishusha, wakaiweka juu ya turubai chini ya paa la mabati, naye akaanza kuitoa meno yake moja moja na kuyapanga. Nilimpelekea bukari na maharage ya mawese, akala kwa mkono mmoja aliokuwa ameufuta kwenye majani, macho yakiwa kwenye vyuma. Kutoka chumbani tuliwasikia wakizungumza, yeye na mume wa Mama Kaite.

"Hii jino iko muzima. Na hii muzima."

"Sasa kelele inatoka wapi?"

"Sijue. Labda hii ndogo. Tubadilishe mafuta, turudishe, tuone."

Wakairudisha. Alipowasha na kung'oa gari nilikuwa nimeshika mkono wa Damasi. *Ko.* Alibana vidole vyangu mpaka vikauma, kisha akaviachia. Kesho yake Papa Kabwe akaishusha tena.

Nimeishi na madereva na mafundi wa kutosha kujua sasa jambo ambalo wakati ule sikulijua. Nyuma ya buwati kuna kardani, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Ili kuishusha buwati, Papa Kabwe alifungua ncha ya mbele ya kardani, akaifunga pembeni kwa kamba ili isimsumbue, na mara zote mbili hakutambaa kwenda kuitazama ncha ya nyuma. Mbona angeitazama? Kelele ilikuwa imempiga kwenye kiganja, mbele, juu ya gia. Damasi mwenyewe, aliyeisikia kutoka kwenye kiti kile kile, alimuunga mkono kutoka kitandani, akimwelekeza kwa sauti ni jino gani alishike na litikisike vipi. Walikuwa watu wawili wenye ujuzi, wanakubaliana kwa kila neno, na mimi nikisikiliza makubaliano yao huku nikimfukuza nzi kwenye mguu wa mume wangu.

Mguu ulianza kunuka. Kwanza ilikuwa harufu ya utamu, nikasema ni dawa. Kisha ikawa haiwezi kuitwa dawa. Mama Kaite hakulalamika hata siku moja, Mungu amlipe, lakini alianza kuchoma majani ya mkaratusi mlangoni, na chakula ambacho tulikuwa tunakula pamoja chumbani akaanza kukiandaa nje, akisema kuna hewa nzuri. Damasi alibaki ndani na sahani yake. Alijua. Lori moja lilipita, nikakimbia barabarani nikajitupa mbele yake, dereva akashuka, akaja mpaka mlangoni, akamwona, akarudi nyuma. "Mama, muntu wa kulala sina nafasi. Nimejaza mpaka juu," akasema, na kweli alikuwa amejaza, lakini nilimshika shati nikamwomba amtupe hata juu ya magunia, nikamwomba kwa jina la mama yake, mpaka watu wakanitoa mikono. Niliporudi nikamkuta Papa Kabwe bado amejikunja juu ya turubai lake. Nikamwambia kwamba yeye si fundi, ni muuaji, kwamba atamrudisha mume wangu vipande vipande kama anavyofanya buwati. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mama, ninajaribu," na nikaona machozi yake yanaangukia kwenye chuma alichokishika. Hayakunigusa. Nilitaka alie zaidi.

Asubuhi moja munganga aliminya vidole vya mguu, kimoja baada ya kingine, akimwangalia Damasi usoni kila mara. Damasi alikuwa anatazama balbu. Hakujua hata kwamba vinaminywa. Munganga akafunga bandeji, akanivuta nje. "Muende leo," akasema. "Na kama motoka inakufa njiani, ikufe." Papa Kabwe alikuwa ameisikia sauti ile, na bila kuulizwa akaanza kurudisha buwati ambayo hakuna alichokuwa amekitengeneza ndani yake. Mama Kaite alitoa godoro lake mwenyewe. Tulimlaza Damasi nyuma, kwenye mbao, kichwa kikielekea kabini, mimi nikaketi pembeni na maji na kitenge cha kumkinga jua, na Papa Kabwe akashika usukani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Damasi kupanda nyuma ya kamioneti ile. Tangu alipoijua alikuwa mtu wa mbele.

Hatukufika mbali. Kambi ilikuwa bado inaonekana. Kila gari liliposhika mwendo au kuachia, *ko*, na Damasi alikuwa anakunja uso, nami nikadhani ni mguu. Kumbe alikuwa anasikiliza. Akaanza kupiga bati la kabini kwa ngumi.

"Simamisha! Kabwe, simamisha!"

Papa Kabwe akaja mbio, akidhani mgonjwa anakata roho.

"Haiko mbele," Damasi akamwambia. "Inanipiga huku, mu kiuno. Chini ya kiuno yangu kabisa. Kila ikigonga, ubao unanirusha. Kule kwa kichwa hakuna kintu. Ingia chini, angalia kardani ya nyuma."

Papa Kabwe akalala chali kwenye matope na kuingia chini. Nilimsikia akishika chuma na kukitikisa, na mara ile *ko* ikalia, ndogo, ya mkono, gari likiwa limezimwa. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alifungua kiganja akatuonyesha vumbi jekundu la kutu. Pale kardani inapoungana na ekseli ya nyuma kuna kiungo chenye umbo la msalaba, kinachotakiwa kuogelea katika grisi. Maji yalikuwa yamekiosha, safari baada ya safari, pamoja na chumvi ya samaki, kikalika mpaka kikawa kinacheza ndani ya nyumba yake. "Maji," akasema. "Njo ile maji ya kuoshea." Damasi aliuangalia mkono ule. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anageuza macho yake asinitazame mimi, mimi niliyekuwa nashika ndoo.

Dawa yake ilikuwepo palepale. Kamioneti ile ilikuwa na nguvu ya magurudumu ya mbele pia. Papa Kabwe alifungua bulo, zile boliti za kardani, akaichomoa yote, akaitupa nyuma karibu na miguu ya Damasi, akavuta mkono mdogo wa kuamsha magurudumu ya mbele, na gari likaondoka. Halikugonga. Kazi nzima ilichukua muda wa kupika chai. Ingeweza kufanywa siku tuliyofika. Hilo ndilo neno ambalo limenitafuna maisha yangu yote: si kwamba haikuwezekana, bali kwamba iliwezekana tangu mwanzo kwa spana iliyokuwa ndani ya gunia lake. Tulikwenda polepole, likivutwa na mbele tu, kwenye milima tukasukumwa na wapita njia, na njia yote ile palikuwa na ukimya chini yetu ambao tungekuwa tumeuimbia nyimbo kama ungekuja mapema. Damasi alikuwa na homa kali. Mara kwa mara aliweka kiganja kwenye ubao, akasikiliza, akakiondoa.

Hospitalini daktari alifunua, akafunika. Hakutugombeza. Aliuliza ni lini aliacha kusikia maumivu kwenye vidole, Damasi akasema hakumbuki, na daktari akaniambia kwamba kubaki na mguu hakuwezekani tena, tuombe abaki mtu. Damasi alisikia. Akauliza swali moja tu, kama watakata chini ya goti au juu, kwa sababu mtu mwenye goti anaweza kukanyaga kilachi na kuendesha. Juu, daktari akasema. Nilimshika kichwa, kwani tangu nimjue sikuwahi kumwona anafanya kazi nyingine, wala hakuwahi kuizungumzia nyingine.

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Walipomaliza kukata, walinipa kimefungwa kwenye shuka, nami nikakizungushia kitenge nilichomkingia jua njiani, na nikashangaa uzito wake. Papa Kabwe alikuwa anangoja nje kwenye kamioneti, hajaoga tangu Bendera. Sikutaka kupanda naye, lakini nani mwingine? Nikaketi mbele na kile kitenge mapajani, akatupeleka makaburini, akapanda kile kilima cha mawe. Njia nzima nilikuwa nategea sikio, naomba igonge, hata mara moja, nipate pa kuanzia kumtukana. Haikugonga. Alichimba mwenyewe shimo dogo, akapokea kitenge kwa mikono miwili, akakishusha. Hakuna katekista, hakuna wimbo. Alisema Baba Yetu peke yake, mimi midomo yangu ikiwa imefungwa. Tukarudi hospitalini.

Damasi alikuwa ameamka. Nilidhani ataniuliza tumeuzika wapi, na jibu nilikuwa nimeliandaa, upande gani, karibu na kaburi la nani. Alilowesha midomo.

"Motoka imegonga?"

"Hapana."

"Hata kwa ile kilima ya makaburi?"

"Hata kule. Haikugonga hata kidogo."

Akafumba macho, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la dereva, lile la kushinda ubishi, na sikuwa nimeliona tangu aondoke na samaki. "Niliwaambia," akasema. "Ilikuwa nyuma." Akasinzia hivyo hivyo, ameridhika, nami nikalaza uso wangu kwenye shuka, upande ule wa mguu usiokuwepo, ambako lilikuwa limelala bapa juu ya godoro, nikalia.